Filamu za kale za slasha: je, bado zinamtisha mtazamaji wa leo?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kila mjadala wa filamu za kutisha unapoibuka, hatimaye hujitokeza mtu akasema kwamba filamu za slasha za miaka ya 1970 na 1980 zimepitwa na wakati: damu yake ni rangi tupu, vijana wake wanafanya mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuyafanya, na muuaji anatembea taratibu lakini bado anawafikia wanaokimbia. Nimezitazama filamu hizi kwa miaka mingi, peke yangu na pamoja na vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000, na ninazipenda kwa dhati, kwa hiyo naomba niieleze hoja yangu kwa urefu kidogo ili tuijadili.

Kwa wale ambao si wafuatiliaji, ninazungumzia filamu ambazo ndani yake muuaji mmoja, mara nyingi mwenye barakoa na silaha ya mkononi kama kisu, shoka au panga, anawaandama watu wachache, hasa vijana, na kuwaua mmoja baada ya mwingine hadi abaki mmoja, kwa kawaida msichana, anayepambana naye hadi mwisho. Filamu za mizimu na za mapepo zina mambo yake, na hizo naziacha kando.

Msimamo wangu ni huu. Kilichochakaa katika filamu hizi ni mshtuko, na ambacho hakijachakaa ni ile habari ambayo mtazamaji anapewa kabla ya mhusika kuipata. Mshtuko hufanya kazi mara moja, na ukishaigwa na filamu nyingine nyingi, mtazamaji huuona ukija tangu mbali. Lakini mtazamaji anapojua kwamba muuaji yumo chumbani, na mhusika hajui, kule kujua hakupungui nguvu hata akiirudia filamu mara nyingi. Pengine huzidi kuuma. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alikuwa akilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza: likilipuka ghafla, watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache tu, lakini wakiambiwa mapema kwamba lipo na litalipuka saa fulani, maongezi ya kawaida kabisa ya waliokaa mezani yanageuka kuwa mateso.

Tuitazame kwa karibu Halloween ya John Carpenter, iliyotoka mwaka 1978. Ilitengenezwa kwa takriban dola 300,000 za Kimarekani, ikapigwa California katika majira ya kuchipua ingawa hadithi yenyewe inatokea Illinois mwezi wa Oktoba, na ndiyo maana majani makavu yaliyopakwa rangi yalikuwa yakimwagwa barabarani, yakipigwa picha, kisha yakikusanywa ili yatumike tena. Barakoa ya muuaji ilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa mfululizo wa televisheni wa Star Trek, iliyonunuliwa kwa chini ya dola 2 na kupakwa rangi nyeupe. Damu inayoonekana ndani yake ni kidogo mno kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Kwa kipimo cha fedha na cha ukatili, basi, filamu hii ilipaswa kuwa imekufa zamani.

Haikufa, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanzo wake inatokea mchana kweupe. Laurie, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anayeigizwa na Jamie Lee Curtis, ameketi darasani, anatupa macho dirishani, na ng'ambo ya barabara amesimama mtu mwenye uso mweupe kando ya gari, akimtazama. Mwalimu anamuuliza swali, anajibu, na akigeuka tena dirishani hakuna mtu wala gari. Hakuna aliyeumizwa hapo. Lakini kuanzia dakika hiyo mtazamaji anaanza kuikagua kila fremu kwa macho yake mwenyewe: nyuma ya ua wa miti, kwenye kamba za nguo, kwenye pembe ya nyumba. Carpenter amempa kazi ya kulinda watu ambao hawezi kuwaonya.

Kazi hiyo inafika kilele karibu na mwisho. Laurie anaamini kwamba amekwisha kumuua Michael Myers, yule muuaji mwenye barakoa, anaketi mlangoni akiwa amechoka, uso wake uko mbele yetu, na kule nyuma, upande mmoja wa fremu na bila kuwekewa mwanga wa kutuvutia, yule mtu aliyelala sakafuni anainuka kiunoni na kuketi wima, kisha anageuza kichwa kumwelekea. Laurie haoni. Nimewatazama vijana wakilitazama tukio hili kwa mara ya kwanza, na wale waliokuwa wakicheka dakika chache kabla walinyamaza.

Hapa nitoke nje ya hoja kidogo kwa jambo ambalo nadhani limeiharibia filamu hii sifa yake bila haki. Carpenter aliipiga kwa umbo pana la Panavision, na hatari anaipanga pembezoni mwa picha. Kanda za video na televisheni za zamani zilikuwa na umbo linalokaribia mraba, kwa hiyo pande mbili za picha zilikatwa, na pamoja nazo hofu yenyewe. Wengi wanaosema kwamba waliitazama zamani na haikuwatisha waliitazama ikiwa imekatwa hivyo.

Muziki nao una sehemu yake. Carpenter ameeleza kwamba alimwonyesha ofisa mmoja wa studio kubwa filamu hii kabla ya kuwekewa muziki na milio, na ofisa huyo hakutishika hata kidogo. Ndipo akautunga mwenyewe ule muziki wa kinanda, wenye mapigo 5 badala ya 4 tuliyoyazoea, na sikio la msikilizaji halipati mahali pa kutua. Mbinu hiyo haina uhusiano wowote na umri wa filamu.

Sasa linganisheni na Friday the 13th ya mwaka 1980, iliyotengenezwa waziwazi kwa kufuata mafanikio ya Halloween. Filamu hii inamficha muuaji karibu hadi mwisho, na anapofichuka ni mtu ambaye hatukuwahi kukutana naye hapo kabla, kwa hiyo hata anayependa kubahatisha hakupewa cha kubahatishia. Tunachopewa ni vifo, na baada ya kifo kimoja tunasubiri kingine. Ule mshtuko wa mwisho wa ziwani, pale mtu anapoibuka ghafla kutoka majini, ulikuwa mkubwa mwaka 1980, lakini umeigwa kiasi kwamba mtazamaji wa leo anaanza kuusubiri mara tu maji yanapotulia. Naiheshimu filamu hii kwa nafasi yake katika historia, ila kama filamu ya kutisha, kwa maoni yangu, haisimami tena.

Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakubaliana nawe kuhusu Halloween, lakini kanuni yako inapata shida ikifika kwa The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper, ya mwaka 1974. Kijana anaingia katika nyumba asiyoijua, anasikia sauti kama ya nguruwe, anausogelea mlango wa ndani, na mara jitu lenye barakoa ya ngozi linatokea, linampiga nyundo ya kichwa, linamvuta ndani na kuufunga mlango wa chuma kwa kishindo. Hatukuonywa chochote. Hakuna habari tuliyopewa kabla yake. Ni mshtuko mtupu, na bado sijamwona mtu anayelitazama tukio hilo kwa mara ya kwanza asiruke. Kama mshtuko huchakaa, mbona huu haujachakaa kwa miaka yote hii?

Mleta mada

Swali lako ni zuri, mkuu, na nimelifikiria kwa muda. Nakubali kwamba lile pigo la nyundo bado lina nguvu, na sababu mojawapo ni namna lilivyopigwa: kamera iko mbali kidogo, hakuna muziki unaotutayarisha, na jambo zima linakwisha kabla hatujaelewa tumeona nini. Filamu nyingi zilizofuata zilitumia muziki kupiga kelele kwa niaba ya muuaji, na kwa hiyo zikamfundisha mtazamaji kujikaza kila muziki unapozidi au unaponyamaza. Hooper hakuacha alama hiyo.

Lakini tazama kinachofuata. Mwenzake wa kike, Pam, anachoka kusubiri nje na kuamua kumfuata. Anainuka kutoka kwenye bembea, na kamera inapita chini ya bembea hiyo, karibu na ardhi, ikimfuata kwa nyuma huku nyumba ikizidi kuwa kubwa mbele yake hadi inaifunika anga. Ni mwendo wa hatua chache tu katika jua kali. Hakuna kinachomtokea katika hatua hizo, na ndizo ninazoziona kuwa za kutisha kuliko pigo lenyewe, kwa sababu safari hii tunajua kilichomo ndani na yeye hajui. Mshtuko wa kwanza umekuwa ndiyo habari ya tukio la pili. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo ustadi wa Hooper ulipo, na ndiyo maana filamu haiishiwi nguvu baada ya nyundo.

Kuna jambo jingine linaloilinda filamu hiyo dhidi ya umri. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, katika joto kali la Texas, na tukio la chakula cha usiku lilipigwa kwa zaidi ya saa 24 mfululizo ndani ya nyumba iliyofunikwa madirisha, huku nyama na mifupa iliyotumika kama mapambo ikianza kunuka chini ya taa. Uchovu na kichefuchefu tunavyoviona katika nyuso za waigizaji si vya kuigiza peke yake. Na pamoja na jina lake la kutisha, damu yake ni kidogo. Hooper alitarajia hata kwamba ingepewa daraja la kuruhusu watazamaji wadogo. Wanaoamini kwamba waliona msumeno ukikata miili walijazia picha hizo wenyewe akilini.

Mchangiaji wa pili

Kaka mleta mada, umeandika vizuri kuhusu kamera na muziki, lakini kuna jambo umelipita kimya, na kwa sisi wanawake wengi tunaozipenda filamu hizi ndilo linaloamua kama tunaweza kuzitazama tena. Katika nyingi kati yake msichana anavuliwa nguo, kisha anauawa, na kifo chake kinachukua muda mrefu kuliko cha mwanamume. Lawama hiyo haikuanza leo. Mwaka 1980 wahakiki wa Marekani Gene Siskel na Roger Ebert walitenga kipindi kizima cha televisheni kuzishutumu filamu za namna hii kwa jinsi zinavyowatendea wanawake, na inafaa kukumbuka kwamba Ebert huyohuyo alikuwa ameisifu sana Halloween. Alijua kutofautisha filamu inayotuweka upande wa anayewindwa na ile inayotuweka upande wa mwindaji tu.

Msomi Carol Clover, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alifungua mlango mwingine. Aliona kwamba watazamaji vijana wa kiume, ambao huenda walianza filamu wakitazama kwa macho ya muuaji, wanaimaliza wakiwa wamejifunga na msichana wa mwisho aliyebaki hai, wakitaka ashinde. Sikubaliani na kila hitimisho lake, lakini tangu nilipomsoma sijaweza kuzitazama filamu hizi kwa jicho la zamani.

Nikiulizwa ni ipi inayosimama imara kuliko zote kwa mtazamaji wa leo, nitaitaja Black Christmas ya Bob Clark, filamu ya Kanada ya mwaka 1974. Jess ni mwanafunzi mjamzito ambaye ameamua kutoa mimba, na mpenzi wake anamwambia kwa ukali kwamba hana haki ya kuamua bila yeye. Jess habadilishi msimamo, na filamu haimwadhibu kwa uamuzi wake. Wasichana wanapokwenda polisi kuripoti kwamba mwenzao ametoweka, ofisa wa zamu anadhani atakuwa amejichimbia mahali na mvulana. Sehemu hizo zinanikera zaidi kuliko mauaji yenyewe, kwa sababu bado tunaishi nazo.

Mchangiaji wa tatu

Nami naomba nichangie kwa upande wa ufundi, maana naona mleta mada ameidharau kidogo damu. Majeraha yaliyotengenezwa na Tom Savini kwa ajili ya Friday the 13th yalikuwa vitu halisi, vya mpira na rangi, vilivyoangukiwa na mwanga uleule uliowaangukia waigizaji. Jicho linatambua kwamba kitu kipo. Damu ya kompyuta katika filamu nyingi za baada ya mwaka 2000 imechakaa haraka zaidi kuliko ya Savini, na hilo linapingana na dhana kwamba kipya ndicho kinachomfaa mtazamaji mpya.

Mfano bora zaidi ni A Nightmare on Elm Street ya Wes Craven, ya mwaka 1984, ambamo muuaji huwaandama vijana ndotoni. Nancy, mhusika mkuu, amelala, na juu ya kitanda chake ukuta unatuna, uso na mikono ikijichora ndani yake, kisha unarudi kuwa ukuta. Ukuta huo ulikuwa kitambaa cha kunyumbuka kilichopigwa rangi, na nyuma yake alikuwapo mtu akijisukuma mbele. Kifo cha rafiki yake Tina, anayeburutwa ukutani hadi darini, kilipigwa katika chumba kilichojengwa ili kizungushwe chote. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2010, tukio la ukuta lilifanywa kwa kompyuta, na tofauti inaonekana mara moja.

Pamoja na hayo, nikiri kwamba vijana ninaowaonyesha wana pingamizi moja ambalo sijui kulijibu: wanasema simu ya mkononi ingemaliza hadithi zote hizi katika dakika ya kumi.

Mleta mada

Dada, nakushukuru kwa mchango huo, nawe mkuu wa ufundi pia. Nianze na simu kwa sababu jibu lake ni fupi. Katika Halloween simu ipo na inafanya kazi: Lynda, rafiki yake Laurie, anampigia, na wakati huohuo ananyongwa kwa waya wa simu hiyohiyo, na Laurie, akisikia sauti zake, anadhani rafiki zake wanamfanyia mzaha. Katika Black Christmas simu ndiyo njia ya muuaji ya kuwafikia wasichana, na polisi wanapofanikiwa kuifuatilia wanagundua kwamba anapiga kutoka ndani ya nyumba ileile. Scream ya mwaka 1996 inaanza na simu na inaua kwa simu. Filamu zilizo bora hazikutegemea kukosekana kwa mawasiliano. Zilitegemea ukweli kwamba mtu anaweza kukusikia usiku kucha na asikuamini, na hilo simu ya mkononi haijalitatua.

Kuhusu damu ya Savini, nakubali kwamba imedumu kama ufundi, na ninaweza kuitazama kwa kuistaajabia. Tofauti yetu ni kwamba kustaajabu na kuogopa ni mambo mawili. Ukuta wa Nancy umedumu kwa sababu Nancy amelala na sisi tuko macho. Tunaona, yeye haoni. Naomba nishikilie hapo.

Dada, jambo ulilolileta ni zito, na sidhani kwamba ufundi wa kamera unaweza kuliosha. Zipo filamu za miaka ile ambazo sizipendekezi kwa mtu yeyote kwa sababu hiyo hasa. Ninachoweza kuongeza ni kwamba wanawake wenyewe walikuwa wakijibu tangu wakati ule. The Slumber Party Massacre ya mwaka 1982 iliandikwa na Rita Mae Brown na kuongozwa na Amy Holden Jones, na Halloween yenyewe iliandikwa na Carpenter pamoja na Debra Hill, ambaye pia ndiye aliyekuwa mtayarishaji wake. Maongezi ya wale wasichana watatu wakitembea kutoka shule yana uhai wa watu wanaofahamiana na kuchokozana, na sina shaka kwamba mkono wa Hill umo humo. Ninapowahurumia baadaye, ninawahurumia kwa sababu ya mwendo ule wa barabarani.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umenijibu vizuri kuhusu bembea, nitakwenda kulitazama tena tukio hilo. Sasa tusaidie kwa vitendo: mtu ambaye hajawahi kuona hata moja, na amezoea filamu za kisasa zenye kasi, aanze na ipi na amalizie na ipi?

Mleta mada

Mimi ningemwanzisha na Black Christmas, kwa sababu alizozitaja dada, na kwa sababu haionekani kama mfano wa kitu anachokijua tayari. Baadhi ya picha zake zinapigwa kwa macho ya muuaji anayepanda hadi darini dakika za mwanzo kabisa, kwa hiyo mtazamaji anajua aliko kwa filamu nzima huku nyumba ikijaa watu wanaomtafuta nje.

Kisha Halloween, kwa umbo lake pana, taa zikiwa zimezimwa na simu ikiwa mbali. The Texas Chain Saw Massacre ifuate baada ya siku kadhaa, maana inachosha mwili. A Nightmare on Elm Street itamfurahisha baada ya hapo kwa ubunifu wake.

Psycho ya mwaka 1960 ningeiweka ya tano, ingawa ilitangulia zote. Kila mtu anajua habari za mauaji ya bafuni hata kama hajaiona, na akianza nayo atakaa akilisubiri bafu tu. Akiifikia akiwa amezoea kutazama kwa subira, ataona kilicho bora zaidi: Norman, mwenye moteli, anaisukuma gari yenye maiti ndani ya kinamasi, gari inazama nusu, inasimama, na mtazamaji anajikuta akitamani izame. Hitchcock amemhamisha upande bila kumwomba ruhusa.

Halloween II ya mwaka 1981 aiache hadi mwisho kabisa, au asiitazame. Filamu hiyo inaeleza kwamba Laurie ni dada yake Michael, na maelezo hayo yanaiharibu ile ya kwanza. Katika ile ya kwanza Laurie anatumwa na baba yake kuacha ufunguo kwenye nyumba ya zamani ya akina Myers, anafika mlangoni, na sisi tunamwona kutoka ndani, bega la Michael likiwa gizani mbele yetu. Hiyo ndiyo sababu yote tunayopewa ya kuwindwa kwake. Waliotengeneza Halloween ya mwaka 2018 waliufuta udugu huo kwenye hadithi, na nadhani walifanya uamuzi sahihi.